Kilicho Tini ya Gumba Langu

Wiyoni, Amu

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Bi Mwana Esha, Mbwajumali.

Mimi Shee bin Omari ni mtu wa miaka themanini na miwili, na haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuandikiwa. Wake wawili wamenitangulia, Mungu awarehemu. Manahodha wote niliowapakilia boriti kwenda Arabuni wamekwisha, hakusalia hata mmoja wa kubishana nami. Meno yangu nimeyazika moja moja. Ndui, kipindupindu, sheria ya kukataza kukata mikoko, sheria ya kuruhusu, kisha ya kukataza tena, zote zimepita nami nipo. Nilidhani nimeshaona kila uchafu wa dunia hii. Kumbe ulibaki mmoja: kukalishwa kitini nikaonyeshwa kwenye kompyuta kwamba mimi, Shee, nina kosa.

Lakini tuamkiane kwanza, tusiwe kama watu wa mradi, ambao hukutia kazini kabla hawajajua kama umelala salama. Waonaje hali? Goti limepoa, au bado lalia kama bawaba ukiinuka kwenye mkeka? Yule mbuzi mweupe amezaa? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila mato hayanitii, naandika nimeinamia karatasi kama mtu anusaye samaki. Huku Wiyoni kelele haziishi. Zamani tulikuwa na punda, akilia akimaliza amemaliza. Sasa kuna pikipiki. Pikipiki haimalizi.

Utauliza mbona sikupiga simu. Sipigi. Simu yako hushikwa na kila mtu, na huwekwa sauti ya yuu hata jirani akajibu kabla yako. Uliponipigia siku ile nilisikia watu wakikohoa nyuma yako, na hao si watu wa kunitakia heri. Barua utaisoma peke yako. Tulikaa benchi moja kwenye masomo ya ngumbaru, mimi na wewe, nami nilikuwa mbele yako, ingawa mwalimu kwa sababu zake alikutaja wewe wa kwanza.

Basi swali lako nalikumbuka lilivyo. Ulisema, "Kaka Shee, watu wanasema wewe ndiye uliyetufungia Mto wa Mkandaa. Wanasema umekula na watu wa mradi. Kwenye harusi wanawake waliusogeza mkeka nisipate pa kukaa." Sikukujibu siku ile, kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira kwenye simu husikika kama mwongo. Sasa nakujibu, na ukimaliza kusoma ukae kwenye mkeka wowote uutakao.

Kazi hii ilinijia yenyewe, sikuiomba. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya mwanangu Zuhura, ndiye niliyehamia kwake tangu mama yake afariki, akaja msichana wa bara amevaa buti za mpira mpaka magotini. Jina lake Atieno, wa mradi wa kupima mikoko. Akauliza ni nani katika Amu hii aijuaye mikoko. Watu watatu walitaja jina langu, na wa kwanza katika hao watatu alikuwa mimi. Ningengoja wengine wanitaje kwa nini, na mimi nimepima boriti tangu sina ndevu?

Kazi yenyewe ni hii. Msitu wa Mto wa Mkandaa, ule ambao watu wetu wa Mbwajumali wamekata tangu babu zao, umegawanywa viwanja. Kila mti umepigiliwa kibati cha nambari. Pembeni mwa kiwanja wamesimamisha bomba la chuma kuwa alama. Kila kaskazi, siku za bamvua mai yakitoka sana, tunashuka topeni. Mtu mmoja huzungusha tepu kwenye mti na kuusoma unene kwa sauti, na Atieno huutia kwenye tableti yake. Miti ikiwa imenenepa vya kutosha, kamati ya msitu itaufungua mto, vijana wakate. Isiponenepa, mto unabaki umefungwa. Nakuandikia wewe unayejua, kwani Athumani mwanao ni mmoja wa hao wanaongoja, na shoka lake limeota kutu mlangoni.

Kaskazi ya kwanza alipima Bwana Lali wa Chundwa. Unamjua. Enzi zetu yeye alikuwa mnunuzi wa boriti na mimi muuzaji, na hatukupendana hata siku moja. Mkono wa Lali hautulii. Mti huu atavuta tepu mpaka gome lisikie uchungu, mti ule ataiacha inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Kaskazi ya pili mgongo ukamshika, nikatwaliwa mimi. Topeni mpaka kwenye mapaja, mbu, mizizi inayokuchoma kama inakudai, na hao vijana wa bara wanakunywa chai isiyo hata iliki, wanaiita chai. Nilipima msitu mzima. Sikuruka mti. Watu wa nusu ya umri wangu walikaa kwenye boti wakisema wameumwa na jua.

Hesabu zikaenda kwa kamati. Baada ya siku chache kamati ikatangaza kwamba miti haikunenepa, imekonda, kwa hiyo mto umefungwa. Hiyo ndiyo habari iliyowafikia huko, na hapo ndipo mkeka wako uliposogezwa.

Mimi nami niliisikia kwa watu, nikasema basi msitu una maradhi. Sikuwa na shaka na mkono wangu. Kisha Atieno akaniita kwenye ile nyumba ya mradi waliyokodi karibu na maskani yetu. Lali alikuwa amekaa pale barazani anakunywa kahawa, mgongo haumzuii kahawa.

"Mzee Shee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna kitu kinanisumbua. Nimeangalia tena. Karibu kila kiwanja miti yake imekonda, na imekonda kiasi kile kile."

"Maradhi hayo."

"Na bomba?"

"Bomba gani?"

"Lile bomba la chuma la pembeni. Bwana Lali alilipima mwaka wake, wewe ukalipima mwaka wako. Nalo limekonda."

Lali akaweka kikombe tini. "Labda lilifunga Ramadhani," akasema.

Msichana akacheka mpaka akashika mdomo. Mimi sikucheka. Nilimwambia Lali kwamba chuma kikikonda ni kwa sababu kimesikia pumzi zake.

Atieno akanipa tepu. "Nionyeshe, Mzee. Pima nguzo hii ya baraza kama ulivyopima msituni."

Nikapima. Akainama akatazama mkono wangu kwa karibu kama mtu atafutaye mwiba.

"Sifuri ya tepu iko wapi?"

"Tini ya gumba."

"Na unasomea wapi?"

"Gumba linapoishia. Hapa, kwa nde, si kwa ndani."

"Kwa hiyo upana wote wa gumba huuhesabu?"

"Siuhesabu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kilicho tini ya gumba ni cha mnunuzi."

Nikamweleza, kwa kuwa hakulelewa nasi. Nikamwambia marehemu baba yetu alitufundisha hivi: mwenye kupima kwa ajili ya kuuza, na ajipunje mwenyewe. Ukisema boriti hii ina unene kadhaa, basi iwe na unene huo na zaidi, ili siku ya kusimamishwa mbele ya Mola isije boriti hata moja ikasema Shee aliniuza kwa unene nisiokuwa nao. Ndiyo maana Waarabu walipoona alama ya nyumba yetu kwenye shehena hawakupima tena. Walipakia tu. Muulize Lali, alinunua kwangu miaka mingi na kila boriti aliondoka na gumba langu bure, wala hakushukuru.

"Nilijua," akasema Lali. "Ndiyo maana nilinunua kwako, si kwa uzuri wa uso."

Sasa sikiliza, Mwana Esha, hapa ndipo kinyaa kiliponipanda. Msichana akasema kwa upole, "Mzee, hilo ndilo kosa la vipimo vyetu."

Kosa! Ucha Mungu wa baba yetu umekuwa kosa. Jambo lililotupa jina pwani nzima, mtu aliyezaliwa juzi analiita kosa, na analiita hivyo kwa upole, kama muuguzi anayekuambia mguu utakatwa.

Akanigeuzia kompyuta. Niliona, mato haya haya mabovu yaliona. Kila mti ni nukta. Kila nukta ameiotesha ndevu, moja kwenda yuu na moja kwenda tini. Nikauliza uchafu huu ni wa nini. Akasema ndevu ni shaka: pale zinapofika ndipo unene wa kweli unapoweza kuwa, hatuna hakika. Nukta za Lali zina ndevu, na zangu pia. Akasema lakini si ndevu tu, ni lazima aiambie kompyuta ndevu hizo ni za kosa la namna gani, kwani programu ile ina vyumba viwili vya kutilia makosa, na kosa likitiwa chumba kisicho chake jibu lote linaharibika.

"Chumba hiki cha kwanza," akasema, "ni cha makosa ya kutawanyika. Bwana Lali mti huu amezidisha, ule amepunguza. Nikichukua wastani wa msitu mzima, ya kuzidi yanakula ya kupungua. Tazama." Akabonyeza. Ndevu za wastani wa Lali zikasinyaa zikawa kama za panya.

Lali akajinyoosha. "Makosa yangu yanasuluhishana wenyewe kwa wenyewe," akasema. "Hayahitaji mzee wa baraza."

"Na la Mzee Shee," akasema Atieno, "nililitia humo humo kwanza, nikakosea mimi. Kompyuta ikadhani nalo litajifuta. Halijifuti. Lake linakwenda upande mmoja kila mti. Lazima niliweke chumba cha pili, cha makosa ya kudumu." Akabonyeza. Ndevu zangu hazikusinyaa hata kidogo. Msitu mzima nimeupima, na ndevu zimesimama vile vile kama za beberu.

Nikamwambia hilo silo la kufundishwa na kompyuta. Mizani ikiwa imekwenda upande, pima papa mmoja au pima papa mia, upande hauchoki, kila papa utamharibu kwa kadiri ile ile.

"Hapo hapo, Mzee!" akasema, akapiga makofi.

Ndipo nilipotambua nimejihukumu kwa kinywa changu. Nilichukia, ndugu yangu. Nilichukia mpaka kahawa yao niliimwaga mchangani. Mtu ambaye mkono wake unacheza kama mkia wa mbwa anasamehewa, kwa sababu anakosea kulia na kushoto. Mimi ambaye mkono wangu haukutikisika mti wa kwanza hata wa mwisho, naandikiwa kosa lisilofutika. Nti gani hii ambayo ovyo ni heri kuliko utulivu? Nikashika ndia nikarudi nyumbani, Lali ananipigia kelele nyuma, "Shee! Umesahau gumba lako huku!"

Nilikaa ndani. Zuhura alikuja na maneno yake ya kike: baba, watu wanangoja, baba, yule msichana hakukutukana. Nikamwambia anyamaze. Lakini ulipopiga wewe, ukataja mkeka, sikulala vizuri. Kuambiwa nina kosa ni jambo moja. Kuambiwa nimekula na watu ni jambo jingine, na hilo la pili linakufika wewe ambaye hujashika tepu maishani mwako.

Nikarudi kwa msichana. Nikamwambia, weka boriti hapa uani, upime wewe kwanza kwa siri, kisha nipime mimi, kisha apime Lali, na awepo mtu asiye wetu. Akaja Maalim wa msikiti wa hapa mtaani kwetu, mtu mkavu asiyecheka na mtu. Boriti zikapangwa. Nikapima zote. Kila moja nilipungukiwa kwa gumba lile lile, la mwanzo na la mwisho ukiliweka yuu ya jingine hulioni tofauti. Za Lali zilikuwa kama kuku waliotupiwa jiwe. Maalim akazitazama hesabu, akanitazama mimi, akasema, "Bwana Shee, wewe hukosei. Wewe una kosa." Nikamwambia afafanue. Akasema, "Mwenye kukosea hajui atakosea wapi. Wewe ungeweza kuniambia kabla." Sijaamua bado kama alinisifu.

Kisha kamati ikakutana, hapa hapa Amu, kwenye chumba cha madrasa. Mwenyekiti alikuwepo, wazee wa visiwa walikuwepo, na wa kwetu Mbwajumali wawili walikaa nyuma na nyuso kama wamelamba ndimu. Atieno akawasha kompyuta, ukutani ikatokea ile picha na ndevu zake. Akaeleza. Akasema akiurudisha upana wa gumba kwenye kila mti, nukta zote zinapanda, na miti ya Mto wa Mkandaa kumbe imenenepa.

Watu wa nyuma wakasema "Allahu akbar" kabla hajamaliza.

"Ngojeni," akasema. Kuna mstari mwekundu aliouchora, ndio unene wa kuongezeka ambao kamati ilisema ukifikiwa mto utafunguliwa. Nukta imeupita mstari. Lakini ndevu ya tini haikuupita. Akasema gumba la uani analijua, kwani alilipima. Gumba la topeni, mtu amesimama kwenye mizizi, mguu mmoja umezama na mwingine unateleza, hawezi kuapa kwamba lilikaa vile vile kama la uani. Kwa hiyo jibu lake ni kwamba huenda miti imefika, huenda haijafika, na yeye hajui.

Mwenyekiti akasema, "Dada, tumekuita utupe jibu."

"Hilo ndilo jibu."

Mzee mmoja wa kisiwa kingine, jina lake silitii kwenye barua yangu nisije nikaichafua, akasimama. Akasema, "Kwani huyu Shee si mtu wa Mbwajumali? Amepima msitu wa kwao. Hii yote ni hila."

Nilisimama. Magoti yalilia lakini nilisimama. Nikamwambia, "Wewe, akili umeiacha kwenye viatu hapo mlangoni? Ningetaka kuwafanyia hila watu wangu ningeikondesha miti ama ningeinenepesha? Mwizi gani anayeiba kwake akapeleka kwa jirani?" Wale wa kwetu wawili wakainua nyuso. Akakaa tini.

Ndipo Atieno akasema maneno ambayo nataka uyasome mara mbili. Akasema kuna ndia moja ya kulitoa gumba bila kulijua. Kaskazi ijayo Mzee Shee apime tena, miti ile ile, tepu ile ile, kwa namna ile ile. Gumba la mwaka huu na gumba la mwaka ujao ni moja. Ukitoa kipimo cha kwanza katika cha pili, gumba linatoka pamoja nacho, kilichobaki ni unene ulioongezeka, basi. Hapo miti ikiwa imekua, imekua, hakuna ndevu ya kubishana nayo.

Mwenyekiti akauliza, "Na akifa?"

Alisema hivyo mbele yangu, Mwana Esha, kama mtu anayeuliza na mvua ikinyesha.

"Akifa," akasema Atieno, na alitazama sakafu, "itabidi mtu mpya aanze upya. Miaka miwili tena."

"Na akijirekebisha? Sasa ameshaambiwa."

Hapo yule msichana akanigeukia mbele ya wazee wote. "Mzee Shee, nakuomba sana. Usijirekebishe."

Watu walicheka, na Lali alicheka kuliko wote. Lakini ndivyo kamati ilivyoandika: mto unabaki umefungwa mpaka kaskazi ijayo, na Shee bin Omari apime kama alivyopima. Basi hili ndilo jibu la swali lako. Sikuufunga mto. Sikula na mtu. Msitu wote umewekwa yuu ya gumba langu, na aliyeuweka ni kamati, si mimi.

Unadhani nilifurahi? Tangu siku ile nimekuwa kama yai. Nikikohoa, Zuhura anatuma mtu kwa daktari. Vijana wa Mbwajumali wanaokuja Amu, wale wale walionitukana, wanapita kuniamkia wakiniletea samaki, na mato yao yanatazama kifua changu kama kinapanda na kushuka. Hata Lali amenishika mkono kwenye ngazi za gati. Nikamwambia niache nianguke kwa heshima yangu. Akasema, "Anguka ukitaka, ila gumba uliinue." Hakuna anayenipenda mimi katika hao. Wanapenda upana wa kidole.

Lakini hayo ningeyavumilia nisingekuandikia kurasa zote hizi. Kilichonifanya nikae kuandika ni Athumani mwanao. Alinipigia baada ya kikao. Akaamkia vizuri, akaniuliza hali, nikajua ana jambo. Kisha akasema:

"Mjomba, nina fikira moja. Mwakani ukipima, soma kuanzia sifuri, usiache gumba. Kila mti utaonekana umenenepa kwa gumba zima. Mto utafunguliwa siku hiyo hiyo."

Nikamwambia, "Na bomba la chuma? Nalo litanenepa?"

Alikuwa amelifikiria. "Kwenye bomba weka gumba, Mjomba. Kwenye miti ondoa. Nani atajua?"

Nilikata simu. Kinyaa nilichopata kwa kompyuta kilikuwa sukari mbele ya kile. Yule msichana aliniambia nina kosa, lakini hakudhani hata mara moja kwamba mimi ni mwongo. Amejenga hesabu yake yote yuu ya kuamini kwamba kaskazi ijayo nitakuwa mtu yule yule. Aliyeona naweza kuwa mwongo ni damu yangu. Na alichokifikiria kina akili, hilo ndilo baya zaidi. Akili ya namna ile ingetoka nyumba nyingine ningeicheka.

Mwambie hivi, wewe mama yake, kwa maneno yangu. Najua njaa. Najua shoka likikaa bure linavyomtazama mtu kila anapotoka mlangoni. Najua ana wana wanne na mkewe mzito. Lakini baba yangu alinifundisha kujipunja mwenyewe, hakunifundisha kuupunja msitu. Miti isipofika unene wake na wao wakaikata, mtoto wake huyo aliye tumboni atakuta tope tupu, na atauliza ni nani aliyepima. Jina litakalotajwa ni langu, nami sitakuwepo kumpiga kofi anayelitaja.

Kwa hiyo nitapima kama nilivyopima. Tepu, gumba, na kilicho tini ya gumba sikihesabu, mti wa kwanza hata wa mwisho, na bomba vile vile. Nikiwa hai miti itasema yenyewe. Ikisema imefika, Athumani akate na nitakuja kumshikia kamba. Ikisema haijafika, asinijie. Na kama anataka kunisaidia, kuna msaada mmoja tu: aamke alfajiri aniombee umri, kwa moyo safi ikiwezekana, na kama haiwezekani basi aniombee kwa moyo wowote alionao, mimi nitaupokea.

Nisalimie mkwe wako, mke wa Athumani, umwambie asibebe mitungi. Nisalimie shemeji yangu mkubwa anayeadhini, sauti yake tunaikumbuka. Nisalimie Bi Mwanakhamisi, somo yake marehemu mke wangu wa pili, umwambie halua yake imefika, nusu aliila Zuhura. Wale wanawake wa mkeka usiwasalimie. Wasomee.

Uwe katika amani ya Mola, na goti lako uliinamishe polepole.

Ndugu yako asiyekopesha wala kukopa neno,
Shee bin Omari

Na atakayesema huko kwamba nimezidisha hata herufi, aulize. Maalim wa msikiti wa mtaani kwetu alikuwepo uani akahesabu boriti kwa mato yake. Atieno wa mradi anayo yote kwenye kompyuta, ndevu na kila kitu. Na yuko Bwana Lali wa Chundwa, ambaye hanipendi, hajawahi kunipenda, na hivi sasa angetoa mbuzi wawili anikute katika uongo. Muulizeni yeye wa kwanza.